Ayinke na Panya Waliokataa Huzuni

Ayinke hakuweza kupita mbele ya kiumbe mwenye uhai bila kumsalimu, na hilo ndilo lililomponza.

Kila asubuhi, kabla hajabadili kandambili zake kwa viatu vya mpira vya kazini, alisimama mlangoni mwa nyumba ya panya, akaweka kilemba chake sawa, akawauliza wenyeji wa mle ndani wameamkaje. Panya weupe walikuwa wamepangwa rafu juu ya rafu, kila mmoja na kizimba chake cha plastiki, na wakisikia mlango tu walisimama kwa miguu ya nyuma, pua nyekundu zimebanwa kwenye nondo. Ayinke alifungua kizimba cha kwanza, akamtoa mwenyewe, akamlaza kwenye kiganja cha kushoto. Mkono wa kulia ulizoa maranda ya jana. Kidole gumba cha kushoto, bila kutumwa na mtu, kilishuka taratibu kutoka shingoni mwa panya mpaka kwenye mkia, kikarudi juu, kikashuka tena. Na mdomo ulikuwa umeshaanza zamani:

"Mweupe mwana wa weupe,
uliyezaliwa bila shimo ukajengewa nyumba,
mwenye jino lisilobisha hodi,
paka amesikia habari zako, amebaki kwao."

Nje, jenereta ya Mudashiru ilinguruma hata madirisha yakatetemeka. Umeme wa Ibadan una tabia zake, na panya wa chuo hawaruhusiwi kupata joto, kwa hiyo asubuhi nzima jenereta ile ilikuwa haifungi mdomo. Wala Ayinke hakufunga wake. Hakuna aliyemsikia isipokuwa panya, na hivyo ndivyo alivyodhani yeye.

Alizaliwa karibu na mji wa Oyo, katika nyumba ya waghani. Kwao kila mtu ana oriki yake, sifa za ukoo na za nafsi yake, na mtu mzima akighaniwa oriki barabara hukunjua mabega, akacheka peke yake, akanunua kitu ambacho hakuwa na haja nacho. Watoto ndio hughaniwa zaidi. Bibi yake Ayinke alikuwa kila alfajiri anamwita mjukuu apige magoti amsalimu, kisha anamwaga sifa mpaka mtoto anasahau kwamba jana alichapwa. Yeye ndiye aliyempa jina hilo, Ayinke, maana yake wa kusifiwa na kudekezwa. Mtaani anaitwa Mama Laniyi kwa jina la mwanawe, lakini akijiita mwenyewe moyoni hujiita Ayinke.

Alipokua akawa mghani wa harusi. Bibi harusi anatolewa kwao, Ayinke anasimama mlangoni, anamghani yeye na mama yake na mama wa mama yake, na nyumba nzima inalia kwa raha. Halafu vikaja vipaza sauti vikubwa kama makabati. Harusi ya mwisho aliyoghani, kijana wa muziki alichoka kusubiri, akafungulia spika zake katikati ya sifa. Ayinke hakukatisha. Aliendelea midomo ikicheza mpaka akafika kituo chake, akavuta pumzi, akashuka. Hakuna aliyejua kwamba amemaliza, maana hakuna aliyekuwa anasikia.

Baada ya hapo alimfuata mumewe, fundi cherehani, Ibadan, akakaanga akara, bajia za kunde, kando ya barabara. Siku moja mwenzake wa kanisani akamwambia chuoni wanatafuta mtu asiyeogopa panya. Ayinke alikuwa anawaogopa kufa. Akasema haogopi. Siku ya kwanza kazini alisimama mbele ya kizimba, akakumbuka neno la bibi yake, kwamba ukimwogopa mtu, msifu. Basi akamsifu panya. Panya akatulia. Ayinke naye akatulia. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi.

"Mama Laniyi," Mudashiru wa jenereta alimchokoza kila alipompita na ndoo, "hao uliowafundisha adabu, unawaozesha lini?"

"Siku utakayooa wewe, ili tupike mara moja."

"Basi watazeeka hao."

"Ndiyo maana nawapa moyo."

Maisha yalikuwa matamu hivyo mpaka alipokuja Tiwalade.

Tiwalade alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, binti mwembamba mwenye misuko mifupi na sauti ya mtu anayeomba radhi. Alikuja asubuhi moja na akara za moto katika karatasi, akapiga goti kumsalimu Ayinke kama inavyotakiwa, wakaketi kwenye benchi la nje wakala na uji wa mahindi.

"Mama," alisema, "panya wa rafu ya katikati nataka wahuzunike."

Ayinke akaacha kutafuna. "Wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea. Nataka kujua huzuni inaingiaje, nijue inatolewaje."

"Si uwatafute wenye huzuni tayari? Mji umejaa."

"Wa mjini siwezi kuwafungua ubongo nikauangalia."

Hilo Ayinke alilikubali. Tiwalade akamega akara, akamweleza huku vidole vikichora hewani. Ndani ya ubongo, alisema, mna matarishi wadogo sana wa protini, wadogo hata jicho haliwaoni. Kila tarishi ana habari yake na ana mlango wake mmoja. Hapo ndipo anapobisha, si kwingine. Mlango huo watu wa maabara wanauita kipokezi. Wapo matarishi ambao kazi yao ni kupeleka habari za mashaka tu: kuna hatari, kuna hatari. Kwa mtu aliyetulia hubisha wakaondoka. Lakini kiumbe akisumbuliwa muda mrefu matarishi wale hawalali. Wanabisha, wanabisha, mpaka mwenye nyumba anachoka na kila kitu, hata kitamu hakitaki.

"Kama shangazi yangu," Ayinke alisema polepole. "Alipoachwa na mumewe. Anawekewa bakuli mbele yake, unga wa muhogo umelowekwa, sukari imo, karanga zimo. Analitazama tu. Hata kijiko hakushika."

"Ndiyo hivyo hasa. Panya pia yuko hivyo. Mpe chupa mbili, moja maji matupu, moja maji ya sukari. Mzima ataing'ang'ania ya sukari. Mwenye huzuni anakunywa popote tu, kama ulimi umekufa. Sasa dawa yangu mimi ni komeo. Naliweka kwenye ule mlango, tarishi abishe mpaka mkono umuume."

"Na wakikataa kuhuzunika?"

Tiwalade akacheka kidogo. "Basi sina wa kumtibu, Mama. Na sina shahada."

Ayinke alimhurumia binti, akaifanya kazi kwa uaminifu. Maagizo yalikuwa ya kuudhi, si ya kuumiza: leo maranda yaloweshwe maji, kesho kizimba kiinamishwe upande mmoja, keshokutwa taa isizimwe usiku, siku nyingine panya ahamishiwe kwenye kizimba chenye harufu ya mgeni. Alilowesha, akainamisha, akahamisha, hakuruka hata moja. Ila kila mmoja alimtoa kwanza, akamlaza kiganjani, akamwomba radhi: "Pole, baba, ni amri ya Dokta Tiwalade, si yangu." Na baada ya pole zikafuata sifa, maana pole bila sifa ni kama supu bila chumvi. Haikumpitia akilini kwamba hilo nalo ni sehemu ya kazi. Kusalimu ni kusalimu. Tena aliye matatizoni ndiye husalimiwa zaidi.

Ikafika siku ya chupa mbili. Panya wote wa huzuni walikwenda moja kwa moja kwenye sukari, wakainywa kama watoto kwenye sherehe ya ubatizo.

Tiwalade akasema labda muda hautoshi. Wakaongeza wiki kadhaa za udhia, zikaja chupa tena, na sukari ikaisha tena. Safari hii Profesa Arowosafe, msimamizi wa Tiwalade, alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mrefu, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, sifa yake ni kwamba alikuwa ameandika kuhusu panya maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumwona ameshika mmoja. Alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma.

"Ulimwengu mzima wanafanya hivi na panya wanahuzunika," alisema. "Hawa wa kwetu wana nini? Wameokoka?"

Tiwalade aliigeuza chupa tupu ya sukari juu chini.

"Kuna mtu anawawekea maranda makavu." Macho yake yakatua kwa Ayinke. "Mama, unafuata maagizo?"

"Nafuata, Profesa."

"Yote?"

"Hata lile la taa, ambalo silipendi."

"Sawa. Tutarudia kwa panya wapya. Hawa nao wakicheka, wewe utahamia getini, ukafungulie magari. Hapa nitaleta mtu mwingine."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hilo ndilo lililomchoma Ayinke. Getini hapakuwa na wa kumghani. Magari hupita vioo vimefungwa. Siku ile alilowesha maranda kwa bidii hata yakachuruzika, na jioni njiani aliwaza jambo moja tu, kwamba lazima panya wapya wahuzunike. Walipoletwa akawatoa mmoja mmoja na kuwasihi kabisa: "Mwanangu, mwenye jino lisilobisha hodi, nisaidie, huzunika kidogo tu." Na kidole gumba kikashuka, kikapanda.

Asubuhi iliyoharibu mambo, au iliyoyatengeneza, dizeli iliisha. Mudashiru alizunguka jenereta akiipiga teke, haikuitika, na ukimya ukaanguka juu ya jengo zima. Profesa na Tiwalade walikuwa wamekuja mapema kupapasa maranda kwa siri. Walipofika ukumbini wakasikia sauti ya mwanamke, pana, yenye kupanda na kushuka, aina ya sauti ambayo Profesa hakuwa ameisikia tangu azikwe nyanya yake. Wakachungulia kwenye kioo cha mlango. Kizimba kimeinama kama ilivyoagizwa. Maranda yanachuruzika. Na panya wa huzuni amelala chali juu ya kiganja cha Ayinke, macho nusu, kama sultani anayenyolewa ndevu.

Tiwalade aliketi sakafuni akaufunika uso, na mabega yakawa yanamtikisika. Haikujulikana kama anacheka au analia.

Profesa akasukuma mlango. "Mama. Unafanya nini?"

"Nawasalimu, Profesa."

"Kila siku?"

"Wewe wa kwako unawasalimu mara moja kwa wiki?"

"Nani alikuagiza uwasalimu?"

Ayinke alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Salamu zinaagizwa?"

Kutoka mlangoni Mudashiru, mikono imejaa masizi, akasema, "Profesa, mimi nilijua anaimba. Nilidhani ni dawa."

"Wewe dizeli iko wapi?" Profesa alimkata, na Mudashiru akaona ni afadhali arudi kwenye jenereta yake.

Ayinke alimrudisha panya kizimbani, akafuta mikono. Moyo ulikuwa umeshafika getini. Lakini ulimi haukuacha kazi yake. "Profesa, kwenu ni Ogbomoso, si ndiyo? Nyumba ya wahunzi? Pua hiyo naifahamu."

"Mimi si panya, Mama," Profesa alisema, akatoka.

Ni Tiwalade aliyemkimbilia ukumbini, na Ayinke akayasikia yote kwa sababu jenereta ilikuwa bado imekufa. Binti wa kuomba radhi hakuomba radhi hata mara moja. Alisema panya wale walipata shida zote na hawakuzama, na kwamba kitu kilichowashika juu kipo mle chumbani, hakina gharama, na hakijulikani ni kipi. Akasema yeye hawezi kukiacha kipite.

"Unataka kuandika shahada juu ya nyimbo," Profesa alisema.

"Nataka kujua mlango ule umefungwa na nini, kama si komeo langu."

Kisha Profesa akarudisha kichwa mlangoni. "Mama, kikionekana hicho kitu, utabaki hapa. Kisipoonekana, geti lipo pale pale."

"Kitaonekana," Ayinke alisema. "Sauti hii imewaliza watu wa Oyo. Panya ni nini?"

Basi wakaletwa panya wapya, na wote wakapewa shida zilezile za kulowa na kuinamishwa. Ila Tiwalade aliwatenga. Baadhi walipata shida tupu, na wengine shida pamoja na dawa yake ya komeo. Hao wote alikabidhiwa Mudashiru, kwa masharti kwamba asiseme neno na awashike kwa koleo lenye ncha zilizofungwa kitambaa. Waliobaki wakawa wa Ayinke, na kwa hao Tiwalade alikuja na sharti lililomfanya Ayinke aombe lirudiwe mara mbili. Rafu ya juu aighani bila kuigusa. Rafu ya chini aiguse bila kuighani.

"Kwa nini unanikata vipande?" aliuliza.

"Nijue ni kipande kipi, Mama."

"Ni mdomo. Ningekuambia bila kusumbua panya wa watu."

Sikia mateso ya mwanamke huyu. Mbele ya rafu ya juu alifunga mikono nyuma kwa ncha ya kitenge chake mwenyewe, na bado vidole vilichezacheza huko nyuma kama samaki kwenye kapu. Mbele ya rafu ya chini alijaza kipande cha kola, ile kokwa chungu ya kutafuna, mdomoni ili ulimi upate wa kugombana naye, akampapasa panya kimya, macho yamemtoka. Alitoka pale kila siku amelowa jasho kuliko aliyebeba saruji. Na panya wa Mudashiru walimpa Mudashiru taabu ambayo hakuitarajia.

"Wananitazama, Mama," alilalamika kwenye benchi. "Jana nimemwambia mmoja pole, imenitoka tu. Nikakumbuka si ruhusa."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia nimeirudisha."

Ayinke alicheka mpaka kola ikampalia. Lakini siku zilivyokwenda alianza kuona jambo ambalo hakumwambia mtu. Rafu ya juu, waliopata oriki za nguvu zake zote, walikuwa hawaji tena kwenye nondo. Walijikunja pembeni, manyoya yamekosa mng'ao. Akaongeza sauti. Akachimbua sifa za zamani alizokuwa amewawekea maharusi wa ukoo wa kifalme. Panya wakabaki pembeni.

Siku ya chupa, Tiwalade alipima kila moja kwa mizani, uso umeinama. Panya wa shida tupu walikunywa popote, ulimi umekufa, ndivyo walivyotarajiwa. Waliopata dawa ya komeo walirudi kwenye sukari, na hapo Tiwalade akashusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu mwaka uliopita. Rafu ya chini, ya mkono bila sauti, iliikamua sukari karibu sawa na wenye dawa. Na rafu ya juu, ya sauti bila mkono, ilikuwa sawasawa na walioachwa bila kitu.

Ayinke hakungoja aambiwe. "Ni vidole," alisema.

"Ni vidole, Mama."

"Mdomo wangu wote huu. Nilikuwa naghani ukuta."

"Masikio yao si kama yetu," Tiwalade alisema kwa upole. "Wanasikia vitu vya juu sana, huko wanakosikilizana popo. Sauti ya mtu kwao inafika kama mngurumo tu. Kama... kama jenereta."

"Msiitukane jenereta yangu," Mudashiru alisema, lakini hakucheka mtu.

Baadaye panya walilazwa usingizi usio na kuamka, kama ilivyokuwa imepangwa tangu mwanzo. Ayinke aliomba ruhusa siku hiyo akafagia uwanja mzima, mpaka majani ambayo hayajaanguka. Alipoitwa tena, Tiwalade alimkalisha mbele ya hadubini. Ubongo wa panya, uliokatwa mwembamba kuliko ganda la kitunguu na kutiwa rangi, ulionekana kama kitambaa kilichodariziwa, na juu yake kulikuwa na nukta za kahawia. Kila nukta, Tiwalade alisema, ni mahali ambapo milango ile ya mashaka imejazana. Ubongo wa panya wa shida tupu ulikuwa umetapakaa nukta kama ukuta wenye kuvu. Kisha akabadilisha kioo. Huu ni wa rafu ya chini. Nukta zilikuwa chache, zimetulia, hapa moja, pale mbili.

"Hapa hakuna dawa," Tiwalade alisema. "Hapa upo wewe. Unampapasa mgongoni, na habari zinafika mpaka huku ndani. Panya ni wachache, Mama, lazima turudie kabla sijasema kwa sauti kubwa. Lakini tazama."

Ayinke alitazama kwa muda. Ilikuwa ajabu kuona mkono wako mwenyewe mahali ambapo hukuwahi kuupeleka.

Profesa alitimiza neno lake. Geti lilibaki na mlinzi wake, na Ayinke akapewa kazi ya kuwafundisha wanafunzi wote namna ya kushika panya. Wafanyakazi wenzake wakampongeza. Mudashiru akamletea chupa ya soda. Kila kitu kilichokuwa hatarini kilikuwa kimeokoka, na Ayinke aliingia kazini asubuhi, akawatoa panya, akawapapasa vizuri, kimya. Alisalimu tu: mmeamkaje. Sifa hazikutoka. Ya nini kuzimwaga penye masikio ya popo? Akara alizoletewa kwenye benchi alizishika mkononi mpaka zikapoa.

Tiwalade alizitazama akara zile, akamtazama mwenyewe. Aliyepima chupa nyingi za sukari kama yeye hakuweza kukosa kuutambua ulimi uliokufa.

"Mama, hujala."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

Ayinke alizirudisha akara kwenye karatasi, akaikunja.

Wiki iliyofuata Profesa Arowosafe alitokea katika nyumba ya panya, amevaa koti jeupe jipya lenye mikunjo ya kiwandani. Kazi itarudiwa, alisema, tena kubwa zaidi, na kila mtu katika timu lazima ajue kushika. Kila mtu. Aliposema hivyo alikuwa anatazama dari.

"Karibu, Profesa," Ayinke alisema, akamwekea panya kiganjani.

Mkono wa Profesa ulikuwa unatetemeka. Panya aliuhisi, akakaza misuli, mkia ukasimama. Kidole gumba cha mwanazuoni kilishuka mgongoni mwake kama mtu anayejaribu pasi kama ina moto. Panya akalia kwa sauti nyembamba na kukojoa kwenye koti jipya.

"Ananichukia," Profesa alisema.

"Anajua unamwogopa."

"Simwogopi."

"Hata mimi nilisema hivyo siku nilipotafuta kazi hii."

Profesa akatabasamu bila kutaka, lakini mkono haukuacha kutetemeka, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Wewe ulifanyaje?"

"Ukimwogopa mtu, unamsifu."

"Mimi sijui kughani."

"Basi nitaghani mimi. Wewe mshike tu."

Ayinke alivuta pumzi. Alitaka kuanza na mweupe mwana wa weupe, ndivyo ulimi ulivyozoea. Lakini alimwona yule mtu mrefu ameinama na miwani yake ya kamba, mabega yamepanda hadi masikioni, akaona wazi ni nani mle chumbani mwenye masikio ya kimo kinachofaa. Sauti ikabadili njia yenyewe.

"Mwana wa wahunzi wa Ogbomoso,
watu waliokichosha chuma hadi kikaomba maji,
babu yako alipiga nyundo, jembe likazaliwa, shamba likamshukuru,
nyanya yako alivuta mvukuto, moto ukamwita mama.
Mkono wa kwenu hautetemeki mbele ya kaa la moto,
utatetemeka mbele ya mwenye manyoya?"

Nje jenereta ilikuwa inanguruma kama kawaida. Mudashiru, aliyekuwa amesimama mlangoni akila karanga, aliitazama kidogo, akaweka karanga mfukoni, akaenda akaizima.

Mabega ya Profesa yakaanza kushuka. Kwanza moja, kisha la pili, kama mtu aliyetuliwa mzigo kwa hatua. Mkono ukatulia. Kidole gumba kikateremka na mgongo wa panya bila haraka, kikarudi, kikateremka tena, na panya akalegea, akajaza kiganja, akafumba macho. Ayinke akaendelea, akapanda kwa baba wa babu, kwa yule aliyefua kengele ya mfalme, kwa mama yao aliyekataa kuolewa bila tanuri lake. Profesa alikuwa anatabasamu peke yake, macho yana unyevu, haangalii mtu.

Tiwalade alikuwa ukutani, macho yanahama kutoka mdomo wa Ayinke kwenda kwenye mabega, kutoka kwenye mabega kwenda kwenye kidole gumba, na kutoka kwenye kidole gumba kwenda kwenye panya. Akasogea mbele, kalamu mkononi.

"Profesa," alinong'ona, "hili ni kundi jingine. Tunaweza kupima mtu anayeghaniwa kwanza, halafu panya aliye mkononi mwake..."

"Nyamaza," Profesa alisema taratibu. "Hajamaliza."